Kiingereza cha Chumba cha Pasi

3 Machi

Mwalimu wa Kiingereza tuliyeletewa leo mchana ametuagiza tuandike shajara, kila siku sentensi tatu, kwa Kiingereza. Kuandika nitaandika. Lakini nitaandika kwa Kiswahili, na sentensi nitazipanga mwenyewe, kwa kuwa hakusema atakagua. Na hata angesema, daftari ni langu.

Leo saa nne asubuhi meneja mpya alitukusanya mahali pa kupokelea mizigo, mvua ya kwanza ya masika ikipiga mabati hata ikabidi apaze sauti. Akatangaza, karani wa ofisi akitutafsiria, kwamba kampuni yetu, inayofua shuka na mavazi ya hospitali na hoteli, kuanzia sasa inaendeshwa kwa Kiingereza. Tarehe thelathini Mei kutakuwa na mtihani wa mdomo kwa chumba chote cha pasi, mkuu wa chumba akiwemo. Atakayeshindwa “atapangiwa kazi inayolingana na uwezo wake.” Kazi hiyo sote tunaijua. Ni sakafu ya maji, kule chini kwenye mashine za kufulia, ambako unasimama kutwa nzima na viatu vya mpira vilivyojaa maji.

Mkuu wa chumba cha pasi ni mimi. Nina wanawake kumi na tisa na miaka kumi na mmoja katika cheo hiki. Kabla yake nilikaa sakafu ya maji miaka tisa, na kucha mbili za mguu wa kulia nimeziacha huko. Naandika kwa herufi kubwa: SIRUDI.

5 Machi

Nimenunua kamusi kwa muuza vitabu vya mitumba. Nilimwambia anipe iliyo kubwa kuliko zote.

“Ya kazi gani, mama?”

“Ya kumpigia mtu.”

Akacheka, akanipa zigo la kitabu chenye jalada la kitambaa, zito kuliko pasi. Nimelibeba kichwani ndani ya mfuko wa plastiki, mvua hainiachi.

6 Machi

Mvua. Shuka zinapanda kutoka chini zikiwa bado mbichi. Pasi mara mbili.

9 Machi

Jumapili. Binti yangu, ambaye ni karani katika kiwanda cha rangi na anazungumza Kiingereza kwenye simu kutwa, alikuja kula. Akaiona kamusi mezani, akaifungua, akashika mdomo.

“Mama, nani kakuuzia hii? Hii siyo ya kujifunzia. Haikuambii namna ya kulitumia neno. Inaeleza neno lilikotoka, lilizaliwa lugha gani, lilipita wapi.”

“Basi ndiyo niliyokuwa naitaka. Mimi mtu simwamini mpaka nijue kwao.”

“Mtihani ni wa kuzungumza, mama! Watakuuliza habari za kazi, siyo ukoo wa maneno.”

Akaniachia kamusi yake ndogo ya Kiingereza na Kiswahili aliyokuwa nayo shuleni, akaondoka akitikisa kichwa. Niliishika ndogo mkono wa kushoto na kubwa mkono wa kulia, nikaanza kutafuta. Neno la kwanza lilikuwa “window,” kwa kuwa nilikuwa nimeketi karibu nalo. Nusu saa nzima nilihangaika. Kumbe dirisha Waingereza walilichukua kwa mabaharia wa kaskazini, na maana yake ilikuwa jicho la upepo. Nilicheka peke yangu jikoni. Miaka yote naliogopa hili li-Kiingereza, kumbe ndani yake kuna watu waliosimama nyumbani kwao wakaliona tundu ukutani, wakalipa jina wanavyojua.

12 Machi

Leo imekuja karatasi ya kwanza ya kazi kwa Kiingereza.

Chumba chetu kina utaratibu wake. Kila asubuhi ofisi huleta karatasi ya kazi, nami husimama juu ya kreti mbele ya meza kubwa na kuisema kwa sauti, agizo moja moja, na wanawake huitikia kwa kulirudia. Zamani kabla yangu, karatasi ilipitishwa kimyakimya, mtu akapiga pasi ya moto aproni za hospitali zenye plastiki ndani. Zikayeyuka zote, na hospitali ikataka kuvunja mkataba. Tangu hapo ofisi yenyewe iliandika: agizo lisilosemwa na mkuu na kuitikiwa na chumba si agizo.

Basi leo nilipanda kreti na karatasi ya Kiingereza na kamusi ndogo. Maagizo sita yamechukua dakika arobaini. Meneja alipita mara mbili akitazama saa. Nami nilimtazama yeye.

14 Machi

Somo la nne. Mwalimu ni kijana wa kukodiwa, mkataba wa miezi mitatu, tai haivui hata kwenye mvuke wa pasi. Tumemwita Mwalimu Tai na hajui. Yeye hutuita “girls.” Mimi nina miaka hamsini na minne na wajukuu wawili. Nilikuwa nimeshalitafuta, nikanyoosha mkono.

“Mwalimu, neno hilo zamani lilikuwa la mtoto yeyote, wa kike hata wa kiume. Kamusi inasema.”

“Ndiyo, labda. Kwa hiyo?” akajibu kwa Kiingereza.

“Kwa hiyo kwa hesabu za zamani, humu ndani ‘girl’ ni mmoja tu, na ni wewe. Sisi wengine tumeshakua.”

Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimwi, alicheka hadi akaegemea ukuta. Mwalimu Tai akakaza tai yake, akasema tufungue ukurasa wa nne. Lakini baada ya hapo hakusema tena “girls.”

17 Machi

Shuka mia nne. Mvua.

18 Machi

Shuka mia nne na thelathini. Mvua ileile.

23 Machi

Nina hasira na nataka kuiandika kabla haijapoa. Leo nimesoma “villain,” neno wanalomwitia mtu mwovu. Kamusi inasema mwanzoni lilimaanisha mfanyakazi wa shamba la bwana. Basi. Mtu aliyelima. Mabwana wakaendelea kulitaja neno hilo kwa dharau, mwaka baada ya mwaka, mpaka mkulima akageuka mwizi na muuaji mdomoni mwa watu, na yeye mwenyewe yuko palepale na jembe lake. Baba yangu alilima shamba la watu maisha yake yote. Nilifunga kitabu nikakipiga kofi.

Halafu nikakifungua tena, maana kuna mengine. “Silly,” wanayomwitia mpumbavu, zamani alikuwa mwenye heri. “Nice,” wanayomsifia mtu mzuri, zamani alikuwa mjinga. Wamepanda na kushuka kama wapangaji. Hakuna neno hata moja la Kiingereza lililokaa mahali pamoja, na wote wanaishi humo kwa amani. Sasa mimi ninaambiwa uwezo wangu una kiwango chake! Nani aliyekipima?

2 Aprili

Redio amenionyesha jambo ambalo miaka kumi na mmoja sikuliona. Tulibaki sisi wawili tukikunja mashuka ya hoteli, nikamwambia asome ubaoni maneno ya leo tujikumbushe. Akaanza kusimulia habari za jirani yake. Nikamwambia tena. Akahamia kwenye habari za shemeji yake. Nikasema, “We Redio, soma bwana, tuondoke.”

Akaweka shuka chini.

“Dada, mimi herufi hazinijui wala sizijui. Tangu nizaliwe.”

“Na karatasi ya kazi je?”

“Nasikiliza wewe. Ukisema mara moja imeingia.”

Ndiyo maana anaongea mchana kutwa. Akinyamaza, mtu anaweza kumpa kitu asome. Mimi ndiye niliyempa jina hilo, na nilikuwa namtania mbele za watu. Nimeona haya. Nilimwomba radhi, akaniambia nisimletee msiba, nishike upande wangu wa shuka.

8 Aprili

Paa linavuja juu ya meza ya nne. Tumeweka ndoo.

15 Aprili

Leo naandika mengi.

Baada ya somo mvua ilikuwa kubwa hata Mwalimu Tai hakuweza kutoka. Wengine walikimbilia kantini, tukabaki mimi na yeye. Aliniuliza, kwa Kiswahili safi ambacho sikujua kama anacho, kama kamusi yangu inasema lolote kuhusu “test.” Nikamtafutia. Lilikuwa jina la chungu. Mafundi waliweka madini ndani ya chungu cha udongo, wakakitia moto, ili dhahabu ijitenge na takataka. Hatimaye jina la chungu likawa jina la mtihani.

Alilegeza tai, mara ya kwanza tangu nimjue.

“Mama,” alisema, “hiki chungu cha kwetu hakitafuti dhahabu.”

“Sema wazi, mwanangu.”

“Kuna mashine ya rola imeshaagizwa. Inapiga pasi shuka yenyewe, inataka watu wanane tu. Nimeiona barua yake ofisini. Mtihani ni wa kupata sababu ya kuwashusha waliozidi. Nimeambiwa nisiwafaulishe wengi. Nikiwafaulisha, siongezewi mkataba.”

“Na wewe umesemaje?”

“Nimesema ndiyo. Mama yangu ananitegemea mimi tu.”

Nilitaka kumtukana. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini alikuwa anatazama viatu vyake, vimelowa, soli moja imeachia, na nikaona kumbe huyu naye anafanya mtihani kila siku, tena hajui utakwisha lini. Nikamwambia akae apashe miguu moto karibu na pasi, mvua ipungue.

Wanane kati ya kumi na tisa. Kumi na mmoja washuke. Nimelipigia hesabu jambo hili mara nyingi na halibadiliki.

16 Aprili

Nimewaambia wote, waziwazi, kabla ya karatasi ya kazi. Hakuna aliyelia. Mmoja wa meza ya tatu aliuliza kama mashine hiyo inajua kupiga pasi kola. Haijui.

27 Aprili

Nimegombana na binti yangu.

“Pita wewe, mama. Basi. Ukishapita utakuwa na nafasi ya kuwasemea.”

“Nikishapita nitakuwa nimekaa upande wa pili wa meza.”

“Na ukishindwa utakuwa kwenye maji, na miguu ile! Nani atakuuguza? Si mimi?”

Hapo alilia, na mimi nikalia. Anaogopa. Nilikuwa nadhani ananionea aibu kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kumbe anakumbuka alivyokuwa mdogo akinikanda vidole kwa maji ya chumvi kila jioni. Tulikaa mpaka chai ikapoa. Mwisho alivuta kamusi kubwa akaniambia, “Haya, uliza maneno, mimi nikurekebishe matamshi.” Matamshi yangu ni mabaya. Alinirekebisha bila huruma.

6 Mei

Sasa tunajifunza kwa namna yetu. Mwalimu Tai anafundisha kitabu chake mara mbili kwa wiki, sawa. Lakini kila asubuhi, nikimaliza karatasi ya kazi, nasema maneno kumi juu ya kreti na asili zake, na chumba kinaitikia pasi zikiwa mikononi. Neno ukilijulia kwao halitoroki. Leo nimewapa “muscle”: Warumi waliitazama misuli ya mkono ikituna na kutulia chini ya ngozi, wakaiita panya mdogo. Redio alikunja mkono wake akautazama.

“Panya wangu mimi amezaa,” akasema, “huyu hapa na watoto.”

Kwenye “boss” nimewaambia limetoka kwa Waholanzi, na kwao lilikuwa bwana. “Basi hilo halikuhama,” akasema wa meza ya tatu, tukacheka wote. Meneja alikuja mlangoni kuona kelele ni za nini. Alikuta wanawake kumi na tisa wakiitikia Kiingereza kwa sauti moja, akasimama, akakosa la kukataza.

13 Mei

Redio ana maneno mia mbili kichwani, bila herufi hata moja. Nimemhesabia mwenyewe.

20 Mei

Mvua. Mashine ya rola imefika, imefunikwa turubai. Tunapita kando yake kwenda chooni.

30 Mei

Mtihani. Walikaa watatu: meneja, mama mmoja wa makao makuu mwenye miwani, na Mwalimu Tai mwishoni mwa meza, kalamu mkononi.

Mimi niliingia wa kwanza. Waliniuliza habari za kazi yangu, nikazisema. Kiingereza changu kilikuwa kinachechemea lakini kilifika. Yule mama akaniuliza kama naijua maana ya “efficient.” Nikamwambia limetoka Kilatini, ni mwenye kulifanya jambo mpaka likafanyika, na kwamba chumba changu kilikuwa hivyo kabla neno lenyewe halijafika hapa. Aliinua macho, akaandika kitu.

Redio aliingia wa sita. Alitoka baada ya dakika mbili.

“Wamenipa karatasi,” alisema. “Wamesema nisome.”

Mtihani wa mdomo! Walitangaza wenyewe, mvua ikinyesha, watu wote wakisikia. Maneno mia mbili yamekaa ndani ya mwanamke yule, hawakumwuliza hata moja. Niliuliza kwa nini, meneja akajibu kwamba utaratibu umeboreshwa. Wote waliofuata walipewa karatasi. Mimi sikupewa.

2 Juni

Nimefaulu. Meneja aliniita ofisini saa nane, akanipa mkono, akanipa na karatasi. Alisema kesho asubuhi niiseme chumbani, kwa Kiswahili, watu waelewe vizuri. “Wamekuzoea,” alisema. “Wakisikia kwako watapokea.”

Niliisoma nikiwa nimesimama. Majina kumi na moja, la kwanza la Redio. Kwamba hawana uwezo wa kufuata maelekezo, na kwamba wanahamishiwa sakafu ya maji kuanzia kesho saa tano. Nilielewa kila neno. Miezi mitatu iliyopita ningemwomba karani wa ofisi anisomee, na karani angeyapunguza makali, nami ningepanda kreti nikaisema nikidhani ni agizo kama mengine. Leo hakuna aliyenipunguzia.

Nilimrudishia. Nikamwambia neno moja, kwa Kiingereza: “No.”

Alidhani sikuelewa. Akaanza kunieleza polepole.

“Nimeelewa yote,” nikamwambia. “Nilijifunza ili nijue ninachokikataa.”

“Unajua kwamba na wewe unaweza kushuka?”

“Najua njia. Nimeikanyaga miaka tisa.”

Niliogopa sana, na ninaogopa hata sasa ninapoandika.

3 Juni

Leo saa moja na nusu meneja mwenyewe alipanda kreti yangu. Akaisoma karatasi kwa Kiingereza, majina yote, mpaka chini. Alipomaliza alisubiri.

Chumba hakikuitikia. Pasi zote kumi na tisa zilikuwa zimezimwa, na mara ya kwanza tangu niajiriwe nilisikia matone yakiingia kwenye ndoo ya meza ya nne.

Akasoma tena. Kimya.

Redio akanigeukia. “Mkuu, ofisi inasemaje leo?”

“Mimi sijasema kitu,” nikajibu.

Meneja akamtazama Mwalimu Tai, aliyekuwa amesimama mlangoni. “Watafsirie.”

“Mkataba wangu uliisha siku ya mtihani, bosi,” akasema Mwalimu Tai. “Nimefuata mwavuli wangu tu.” Hakuwa amevaa tai. Na mwavuli hakuuchukua, alikaa palepale.

Nje gari la hospitali lilipiga honi. Lilikuwa linangoja mashuka mia tatu ya wodi ya wazazi, na mashine ya rola bado ina turubai, hakuna aliyefundishwa kuiwasha. Honi ikapigwa tena, ndefu. Meneja alitutazama mmoja mmoja, akatafuta uso wa kuanzia, hakuupata. Alikunja karatasi akaitia mfukoni. Kisha akasema kwa Kiswahili, sauti ya chini, mara ya kwanza tangu aje hapa:

“Fanyeni kazi.”

Na chumba kizima kikaitikia kwa sauti moja, “Fanyeni kazi!” tukawasha pasi.

4 Juni

Karatasi ile haijarudi. Ila barua yangu imekuja: nimeitwa ofisini Ijumaa kujieleza. Binti yangu amesema atanisindikiza na atakaa nje ya mlango. Redio ametaka kujua nitawaambia nini.

Nimefungua kamusi kulitafuta neno nililomwambia meneja, maana nilimpa bila kulijulia kwao. Ni dogo, herufi mbili, nikadhani halitakuwa na habari. Kumbe Waingereza wa kale walilitengeneza kwa kuunganisha maneno mawili. La kwanza ni “si.” La pili ni “milele.” Pamoja ni “kamwe.”

Nimemsomea Redio. Amelirudia mara moja, likaingia.